Dawa Isiyopenda Harufu

Kipandauso kilinianza mwaka niliovunja ungo. Kilikuja kwa njia ile ile siku zote. Kwanza jicho moja lilianza kuona vimulimuli, kisha shingo ikakaza, halafu nusu ya kichwa ikawa kama inatwangwa kinuni mpaka nitapike. Nikishatapika nililala chumba cha giza na kitambaa cha maji usoni. Kesho yake niliamka mwepesi, nina njaa, na nina hasira na kila mtu aliyethubutu kucheka nilipokuwa nikiumwa. Hasira hiyo ninayo hadi leo, na watoto wangu wanaijua vizuri.

Tulikaa upande wa Jomvu, si mbali na Mikindani, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza, watu walipokuwa wameanza kuzungumza habari za Uhuru hata kisimani. Mimi habari hizo zilinipita. Nililelewa na nyanya, aliyemzaa mama yangu, kwa kuwa mama alikufa nikiwa bado mchanga. Nyanya alikuwa mpishi wa udi. Asiyeijua kazi hiyo hudhani udi ni vijiti vya kuchoma, basi. Udi wa nyanya ulipikwa: vipande vyenyewe, sukari iliyokorogwa mpaka ikawa shira, marashi ya mawaridi, sandali, na vitu vingine alivyovitia akiwa ametupa mgongo ili tusione. Maharusi wa Kisauni na Likoni walifukizwa kwa udi wake. Na nyumbani kwetu kila chenye heshima kilipita juu ya chetezo, kile chombo cha udongo kinachotiwa makaa na udi: nguo za Idi, nywele zikishaoshwa, mtungi wa maji ya kunywa, shuka za mgeni. Mtu akipita njiani alijua kwa pua yake kwamba hapa ndipo.

Kwa kipandauso changu nyanya hakuacha kitu. Nilinywa kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa sahanini, nikavaa hirizi, nikaumikwa, nikameza vidonge vya zahanati, nikachuliwa mafuta ya karafuu hadi ngozi ya paji ikababuka. Kila dawa ilinipa nafuu ya muda, ikachoka. Majirani, ambao hawakuulizwa, walianza kusema nina pepo. Wengine walishamjua mpaka kabila lake na rangi ya kitambaa anachotaka. Nyanya aliwafukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Hapo ndipo nilipoposwa. Mchumba alikuwa seremala wa Kisauni. Nilikuwa nimemwona mara moja tu kwa kuchungulia dirishani, nikampenda papo hapo, wala sioni haya kusema. Harusi ikapangwa iwe mfungo mosi, baada ya Ramadhani. Kabla ya wiki kwisha, mwanamke mmoja akaja kutoka kwao na neno la mama wa bwana harusi: eti anauliza kama binti ana pepo. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, akajibu haraka kabla nyanya hajafungua kinywa. "Mzima kabisa, alhamdulillahi. Hajui hata mafua."

Uongo ule ulininyima usingizi. Harusi za kwetu ni harufu tupu. Mwari husingwa, yaani husuguliwa mwili, kwa singo yenye karafuu na sandali, huvishwa vikuba vya maua ya asumini, hukalishwa juu ya chetezo mpaka moshi umwingie hata kwenye mishono ya nguo. Kisha hupambwa na kukaa kimya, wanawake wa upande wa pili wakimtazama. Niliona wazi jinsi kichwa kitakavyonishika siku hiyo hiyo, kama kilivyozoea kunishika siku za Idi na shughuli, nikatapika mbele yao, na mama mkwe akainuka, akatoka, na seremala wangu akapelekewa mke mwingine.

Mama mdogo, aliyekuwa ameolewa na mtu wa reli, alikaa Changamwe, na huko alisikia habari za mzee mmoja wa Kihindi. Zamani alikuwa karani. Sasa amestaafu, na jioni anatibu watu kwenye baraza ya nyumba yake kwa dawa iitwayo homiopathi. Walimsifia kwa maradhi ya kukaa nayo: pumu, ukurutu, baridi yabisi, na vichwa kama changu. Nyanya alisema Mhindi ni mtu wa nguo na bizari, lakini alikwisha kuishiwa na lake, akaniruhusu.

Nilitarajia aniangalie ulimi. Hakunigusa. Alikaa kitini, miguu ameikunja, akaniuliza maswali mpaka watu waliokuwa nyuma yetu wakaanza kuguna. Ninapenda chumvi au tamu? Kiu yangu ni ya maji baridi au yoyote? Naogopa radi? Nikilia, napenda kubembelezwa au kuachwa peke yangu? Nikamjibu kuwa nikilia anayenibembeleza namtamani nimtie kofi. Akatikisa kichwa kwa furaha kubwa, kama aliyetajiwa jina la ndugu yake.

Niliporudi na kumsimulia nyanya maswali yale, aliweka chini kijiko. "Huyo yuwataka kukutibu au kukuposa?"

Dawa yenyewe ilikuwa chupa ndogo ya punje nyeupe, tamu, ndogo kuliko mtama. Mzee yule alitueleza kwamba tiba yake ni ya kitu kinachofanana na ugonjwa. Kitu ambacho kingemuumiza kichwa mtu asiyeumwa huchanganywa na maji, yakatiwa maji mengine, na mengine tena, mpaka kinachobaki ni kama kumbukumbu, na hiyo ndiyo inayoponya. Mama mdogo aliitikia kila neno na hakuelewa hata moja. Mimi nilielewa, na sikuamini, ila punje zilikuwa tamu. Alinitilia chache ulimini pale pale, kisha akaweka masharti.

"Kahawa hapana. Karafuu hapana, kafuri hapana, mafuta ya kuchua hapana. Udi, asumini, marashi, yote hapana. Dawa hii haipendi harufu. Harufu ikiingia, dawa inakufa."

Mama mdogo alinitazama, nikamtazama. Njia nzima ya kurudi kila mmoja alikuwa akifikiri nani atakayemwambia nyanya.

Niliambulia mimi. Alisikiliza, kisha akafanya jambo lililonishangaza: alitii. Alihamishia jiko lake la udi nyumba ya tatu, uani kwa shoga yake. Nguo zangu akazifua kwa maji matupu na kuzianika juani. Mtungi wa maji haukufukizwa tena, na maji yakawa na ladha ya udongo. Chupa ya dawa aliishika yeye, akawa ananipa punje kwa kijiko. Aliponipita alijitanda kanga mpya ambayo haijaingia kasha la nguo, na nyumba yetu kwa mara ya kwanza ikanuka kama nyumba ya mtu yeyote.

Ramadhani ikaingia. Kufunga kulikuwa adui yangu mkubwa, na mwaka ule nilifunga, nikafungua, nikala tambi na kaimati, wala jicho halikuona kimulimuli hata kimoja. Nikanenepa mashavu. Nikaanza kuimba nikifua, jambo ambalo halikuwafurahisha wote waliosikia.

Siku chache kabla ya Idi tulirudi Changamwe kuonyesha hali. Mzee alifurahi, akaomba chupa aongeze punje. Akaifungua, akaipeleka puani, na uso wake ukabadilika. Akamnusisha mama mdogo. Mama mdogo akaninusisha mimi. Chupa ilinukia udi, tena ule udi wa nyanya usioweza kufananishwa na mwingine.

Nyanya hakukana tulipomuuliza. Alituona wajinga. Dawa inayomtibu mjukuu wake iingie nyumbani bila kupita juu ya chetezo, kama kitu kilichookotwa? Siku ile ile nilipoileta, alisema, aliipeleka kwa shoga yake ili moshi usinifikie, akaifungua, akasoma Bismillahi, akaifukiza vizuri mpaka ndani. "Nilikatazwa kukufukiza weye," akasema. "Dawa sikukatazwa."

Hapo kila mtu akawa na lake. Mzee wa Changamwe alishikilia kuwa ni zile punje chache alizonipa kwa mkono wake, kwamba zake huhitaji kugonga mara moja tu. Nyanya alishikilia kuwa ni udi ulioipa dawa nguvu. Mama mdogo alisema ni mchumba. Mimi nilicheka na wote, lakini moyoni lilikuwa limeniingia jambo jingine, na sikulipenda. Nikalijaribu. Siku ya Idi nilikwenda kwa jirani kutoa mkono, chumba chao kimejaa moshi wa udi, nikakaa makusudi. Kabla sijamaliza kikombe changu cha chai, vimulimuli vikaanza.

Nililala chumba cha giza nikijua. Kichwa hakikuniuma kwa sababu ya pepo, wala hakikupona kwa sababu ya punje. Kilikuwa kikiumizwa na mikono ya nyanya yangu, miaka yote ile, kila alipokuwa akinipenda. Nililia, na safari hii nilitaka kubembelezwa.

Kumwambia kulikuwa kugumu kuliko kichwa chenyewe. Alikuwa amejivunia siku ya harusi yangu tangu nikiwa na meno ya utotoni. Udi wangu alikwisha kuupika akauweka, na hakuna aliyewahi kuruhusiwa hata kuutazama. Nilimwendea asubuhi akichambua mchele. Nikamweleza yote kwa mafungu, nikiwa nimeangalia ungo.

Vidole vyake viliendelea kutafuta chuya. Kisha akauliza, "Hata nilipokuwa nikikufukiza nywele?"

"Hapo zaidi, nyanya."

Akainuka, akaenda zake uani, akakaa huko mpaka adhuhuri. Niliogopa nimemvunja. Niliogopa pia, kwa kuwa mtu huogopa mambo mawili kwa pamoja, kwamba harusi itakuwa ile ile, kwa sababu mwari asiye na harufu kwetu ni sawa na mwari asiye na watu. Wangesema nimezaliwa jalalani. Mama mdogo alisema hilo hilo waziwazi, akanisihi nivumilie siku moja tu, nimeze vidonge vya zahanati viwili viwili, nikatapike baadaye kwa mume.

Siku ya kusingwa nyanya aliniletea singo aliyoisaga mwenyewe: unga wa mchele, manjano na tui la nazi, bila karafuu, bila sandali. Alinisugua mgongo pole pole, akisema tu kwamba ngozi yangu ni nzuri na kwamba hakuwahi kuinusa yenyewe.

Siku ya kupambwa nilikaa juu ya mkeka mpya, hina mikononi, dhahabu ya kuazima shingoni, madirisha yote wazi. Walipoingia wanawake wa Kisauni niliwasikia kabla sijawaona, kisha nikasikia wakinyamaza. Walikuwa wakitafuta kitu hewani na hawakipati. Mmoja wao, shangazi wa bwana harusi, mwanamke wa sauti nene, akauliza, "Nyumba ya mpishi wa udi, na hakukufukizwa?"

Mama mdogo alifungua kinywa. Nyanya, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akamtangulia.

"Ni mimi niliyekataza. Mjukuu wangu harufu zamwumiza kitwa. Yuwaumwa tangu alipovunja ungo. Udi wangu upo kashani, na anayetaka kuunusa nitampa aende nao kwao."

Basi, limetoka. Nilifumba macho. Nilimpenda nyanya kwa nguvu kuliko nilivyowahi, na papo hapo nikamuaga seremala wangu kimoyomoyo. Nilisikia mtu akitembea, kanga zikichakarisha, na nilipofumbua, mama mkwe wangu alikuwa amesimama mbele yangu. Alikuwa mwembamba, mrefu, na uso uliokunjamana katikati ya nyusi kwa namna ambayo ningepaswa kuifahamu, ila sikuwa na akili hiyo wakati ule. Alivua kikuba chake cha asumini, akampa msichana akakiweke nje. Kisha akaketi mkekani, ubavu wangu, upande wa dirisha.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Kitwa chakushika upande upi?"

"Wa kulia."

"Changu wa kushoto," akasema, kwa sauti ndogo ambayo shangazi hakuisikia. "Wamenipunga pepo mpaka nikachoka na ngoma, na pepo sina. Ndipo nikatuma mtu kukuuliza. Niliogopa nisije nikaletewa mwenzangu, nao wakampigia ngoma nyumbani mwangu, nami nikatazama."

Mwari hatakiwi kusema, na mimi siku zote ndiye niliyekuwa na maneno mengi. Machozi yakanitoka na kuharibu wanja. Mama mkwe aliuona, akauvuta mto uliokuwa ukutani nyuma yetu, akaniambia nimwegemee kidogo, wale wengine wangoje.

Nikamwegemea. Hakuwa akinukia kitu chochote.