Siku Mama Flavian Aliposhika Mbono

Jirani yangu hapa kijijini Pito, Coleta, ambaye sote tulimwita Mama Flavian, hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Funda la kwanza ameketi, la pili yuko mlangoni, la tatu yuko kwangu ananiuliza kama nina chumvi, na kikombe chake kinalala kwangu mpaka kesho. Mimi Adela, Mama Jenifer kwa majirani, ni mtu mzito, nikikaa nimekaa, kwa hiyo tulifaana: yeye analeta habari, mimi nazipokea. Siku nyingine alinichosha hadi nikamwambia, "Mama Flavian, kaa chini, unanipa kizunguzungu." Anakaa. Kabla sijamaliza kuvuta pumzi ameshainuka.

Kuwa kiguu na njia ndiko kulikomlisha. Enzi za magendo alivuka mpaka wa Kasesya kwa njia za porini, sabuni kazifunga tumboni kama mjamzito. Biashara ilipofunguliwa na kila mtu akaambiwa ruksa, akaanza kuvuka mchana kweupe, juu ya lori, akirudi na vitenge na mafuta ya kupaka. Tulidhani sasa atapumzika kidogo. Wapi! Asubuhi yuko sokoni mjini, jioni yuko shambani anafukia majani kwenye matuta.

Ruksa hiyo hiyo iliyomfungulia mke njia ilimfungia mume mlango. Felisian, Baba Flavian, alikuwa mpimaji wa mahindi kwenye ghala la ushirika. Wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao hadi mashambani, ghala likakosa cha kupima, na watu wakapunguzwa. Neno lenyewe lilikuwa hilo, kupunguzwa, kama miche ya mchicha iliyosongamana. Felisian akarudi nyumbani, akalala. Hakuwa na homa wala jeraha. Alilala tu, uso ukutani, tangu masika mpaka kiangazi. Padri alikuja, akaenda. Coleta alimpikia, alimbembeleza, alimgombeza, siku moja alimmwagia ndoo ya maji pale kitandani, na mwanamume akajisogeza upande mkavu. Coleta akaja kwangu kulia, na hata kulia kwenyewe alilia akitembea.

Kilichomwinua Felisian ni kelele. Mchana mmoja kundi la nyuki lilishuka likaingia kwenye sanduku tupu nyuma ya jiko lao, naye akatoka na blanketi mabegani kuuliza ni lori gani linalonguruma uani kwake. Akasimama anawatazama mpaka jua likazama. Kesho yake akanyoa ndevu. Wiki ile akaazima msumeno, akatengeneza mzinga wa mbao wenye vijiti vya kuning'inizia masega, akawahamishia humo kwa moshi. Walimuuma mpaka macho yakafumba, naye akacheka. Nilimsikia kwa masikio yangu, nikiwa upande wangu wa ua. Coleta akaja mbio, kiganja mdomoni: "Mama Jenifer, umesikia? Anacheka!"

Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba ule ulikuwa mzinga tu.

Oktoba ilipofika, miti ya porini ikachanua na nyuki wakajaa mpaka wakawa wananing'inia mlangoni. Malkia mzee akatoka na nusu yao, wakaenda zao upande wa milima ya Lyamba lya Mfipa, Felisian akiwakimbiza na gunia bila mafanikio. Nyuma walibaki nusu nyingine na malkia mchanga, ndiyo kwanza ametoboa kitundu chake akatoka. Jioni ile Felisian alitueleza habari zake, mimi nikiwa nimeketi na Coleta akichambua maharage huku akienda na kurudi jikoni.

Malkia mchanga, alisema, bado hajawa mama wa mtu. Ni mwembamba, ana woga, anakimbia juu ya masega huku na huku, na nyuki wenyewe hawamjali sana. Anahitaji siku kadhaa za kukomaa. Halafu, alasiri yenye jua na isiyo na upepo, anatoka. Kwanza anaruka akiwa ameugeuzia mzinga uso, anapasoma nyumbani: hapa jiwe, hapa mti, hapa mlango. Akishapakariri, anapaa juu sana, mahali madume ya mizinga mingine na ya porini yanapokusanyika. Yanamfukuza, anapandwa na mengi, na kila dume likimaliza linakufa hapo hapo.

"Yote?" nikauliza.

"Yote, Mama Jenifer."

"Na yale yanayobaki nyumbani yamelala?" Coleta akadakia kutoka jikoni. Felisian akatabasamu, na mimi nikashukuru Mungu kwamba utani huo sasa uliwezekana.

"Akirudi salama," akaendelea, "siku mbili tatu tu anaanza kutaga, na kazi yake inakuwa hiyo. Asiporudi, basi. Hawa waliopo watazeeka, hakuna majana, yaani watoto wa nyuki, wa kuwarithi, na sanduku litaachiwa nondo." Kisha akamwangalia mkewe aliyekuwa anapita na ungo. "Kwa sasa ni kama wewe huyu, hatulii. Akiolewa atatulia."

"Mimi umenioa mwaka wa ishirini huu," Coleta akajibu bila kusimama. "Umeniona nimetulia?"

Siku zilizofuata upepo ulivuma ule wa kwetu, unaotaka kuondoka na bati. Felisian alikaa kwenye kigoda mbele ya mzinga kila alasiri, anatazama mlango, anatazama mawingu, chakula kinapoa pembeni yake. Malkia akichelewa mno kutoka, alisema, hafai tena. Coleta akashindwa kwenda Kasesya kwa kumwogopea. Usiku alikuwa akiamka kuangalia kama mume bado amelala kwa kuchoka au amerudi kulala kule kwa zamani.

Upepo ulikatika siku ambayo Felisian hakuwepo. Mjomba wake alifariki kule Mazwi, na msiba haukwepeki. Alipanda baiskeli, akashuka, akarudi mlangoni. "Mama Flavian, kaa pale kwenye kigoda. Angalia tu. Usiguse kitu chochote."

"Nimesikia."

Na siku hiyo hiyo jumuiya ilikuwa inakuja kwake kusali rozari. Mwenyekiti wetu, mzee Kalisti, ni mtu mwema, ila kabla ya ishara ya msalaba lazima akague uwanja wa mwenye nyumba. Mwaka mmoja alisema mbele ya watu wote kwamba shetani hupenda vichaka, akikitazama kichaka changu. Sijamsamehe mpaka leo.

Yaliyofuata Coleta alinisimulia mwenyewe. Alifagia uwanja mara tatu, kisha akaketi kwenye kigoda kama alivyoagizwa. Jua likawaka, hewa ikatulia. Kukawa na vurugu mlangoni mwa mzinga, nyuki wanatoka na kuingia, na katikati yao akatokea mmoja mrefu wa kiuno, mwekundu kidogo. Akaruka, akageuka, akaning'inia hewani akiutazama mzinga, akazunguka, akapotea juu. Coleta aliruka kwa furaha. Alitaka kumwambia mtu, na hapakuwa na mtu. Mikono ikaanza kumwasha. Pembeni mwa mzinga ulisimama mti wa mbono, majani yake mapana yameubana mlango na kuifunika njia watakayopitia wageni. Akauona kwa macho ya mzee Kalisti. Panga lilikuwa karibu. Mapigo mawili tu, mbono chini.

Alikuwa anauburuta aliposikia sauti ya nyuki imebadilika. Waliokuwa wanarudi kutoka porini hawakushuka. Walizunguka hewani pale mbono ulipokuwa, wakizidi kuwa wengi, wanautafuta mlango ulio mbele yao. Ndipo maneno ya mumewe, yale aliyoyasikia nusu akiwa kati ya maharage na jiko, yakamrudia yote kwa pamoja. Hapa jiwe, hapa mti, hapa mlango.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini Coleta alijaribu kuyazoa. Aliuinua ule mbono, akauweka juu ya kisiki chake, akaukumbatia shina, akasimama.

Hivyo ndivyo tulivyomkuta. Tulifika tunaimba, mzee Kalisti mbele.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele amina," mbono ukajibu. "Msisogee!"

"Mama Flavian, ndiyo nini hiyo?"

"Nimeshika mti, Mwenyekiti."

"Nauona. Kwa nini unaushika?"

"Malkia yuko nje."

Mimi nilielewa kabla ya wengine. Niliwaeleza kwa sauti ya chini. Mzee Kalisti alifungua mdomo, nikamwambia, "Mwenyekiti, leo tusali, ukaguzi kesho." Tukapiga magoti kando ya jiko, mbali na mzinga, tukaanza.

Sijawahi kusali rozari ndefu kama ile. Nyuki walimtembea Coleta usoni, mmoja akamuuma kwenye kope, mwingine mdomoni, na mwanamke ambaye hakuweza kukaa kwa funda la pili la chai hakusogeza hata kidole. Alikuwa akiitikia kutoka kwenye majani, mdomo umeshavimba. Tulipofika litania na mzee Kalisti akasema "Malkia wa Malaika," ile "utuombee" ya Coleta iliwashtua kuku. Mtu mmoja alicheka. Mimi nilitaka kucheka, nikajikuta nalia.

Felisian alirudi giza likianza kuingia. Coleta alikuwa bado amesimama.

"Baba Flavian," akamwambia mbele yetu sote, "nimeukata mbono, na yeye alikuwa nje. Sikumwona akirudi. Majani yalinifunika macho, labda amerudi, labda hakurudi. Mimi ndiye niliyeukata."

Felisian aliutazama mti, akautazama uso wa mkewe ulioharibika. Ningependa angefoka. Ningependa hata angetupa kitu. Akaegemeza baiskeli ukutani taratibu, akaingia ndani, akalala, uso ukutani.

Zikaanza tena zile siku. Coleta aliusimamisha mbono kwa miti miwili na kamba za magome. Majani yalipokauka, alikata mengine kwenye mbono wangu akafunga juu yake, kwa sababu malkia huweza kutoka zaidi ya mara moja na yeye hakutaka kukosea mara mbili. Mzigo wake wa vitenge ulibaki Kasesya kwa mtu. Alikuwa akienda mzingani, anarudi chumbani, anaenda mzingani, jicho moja limefumba.

"Baba Flavian, wanaingia na vumbi la njano miguuni. Si chakula cha watoto hicho?"

"Baba Flavian, leo wamebeba zaidi." Mume hakugeuka. "Lakini shingo ilisogea," aliniambia. "Mama Jenifer, nakuapia, shingo ilisogea." Nilimwambia ndiyo, ingawa moyoni sikuamini. Nilimwona tayari yule mwanamume anazeeka kitandani, na huyu naye anakanyaga ardhi mpaka itoboke.

Asubuhi ya Jumapili, tumetoka misa ya kwanza, nilimwona Coleta kutoka uani kwangu ameshika kipande cha gunia kinachofuka. Akafunua mzinga.

"Baba Flavian!" akaita. "Yai la nyuki likoje?"

Akainama zaidi. "Ni kama punje ya ulezi?"

Akachomoa kijiti na sega linaning'inia, jipya, laini, akalielekeza huku, akalielekeza kule. "Sioni kitu! Basi nalilaza upande nilione vizuri!"

Mlango ulipiga ukuta. Felisian alitoka peku, blanketi linamwanguka. "Mwanamke, acha! Usililaze, litakatika!"

Kama alifanya kusudi au hakujua, sikumuuliza, na hata leo simuulizi. Felisian alilichukua sega mkononi mwake, akalishika wima, akageuka mpaka jua likamjia begani na kuingia ndani ya vitundu. Akatazama. Akatazama muda mrefu sana, mpaka mimi nikasogea kwenye ua.

"Njoo," akamwambia mkewe. "Hapa chini kabisa. Uzi mweupe, mfupi, umesimama."

"Wapi?"

"Kila kitundu. Mmoja mmoja." Akamgeukia mkewe. "Ametaga. Coleta, alirudi."

Naye malkia mwenyewe akapita upande wa pili wa sega, si yule mwembamba mwenye woga. Tumbo refu limejaa, anatembea polepole, nyuki wanampisha na kumgeukia. Alichungulia kitundu, akageuka, akashusha tumbo lake ndani yake, akaenda kwenye kingine.

Coleta alisukuma kichwa aone zaidi. "Tulia, utamwangusha!" Felisian akamkemea.

"Tulia wewe! Wiki nzima umetulia, imetusaidia nini? Ungeniambia mapema yai ni uzi, ningekuwa nimeliona tangu juzi!"

Sijawahi kuufurahia ugomvi wa watu kama ule. Felisian alilirudisha sega mahali pake kwa uangalifu, akafunika mzinga, akautikisa ule mbono uliokauka kuona kama umefungwa vizuri, akakuta kamba moja imelegea.

"Hii nani kaifunga hivi?" akauliza. "Niletee viatu."

Coleta alikimbia ndani, akarudi na kiatu kimoja na kandambili moja, na Felisian akavivaa hivyo hivyo.