Siku Baba Alipowapeleka Mbwa Chanjo

Baba yangu alienda barazani kwa chifu kumshtaki mbwa, akarudi akiwa mwenyekiti wa Nyumba Kumi.

Nilikuwa jikoni nikikatakata sukuma alipoingia. Alivua kofia, akaitundika kwenye msumari wake, akaketi. Nikamuuliza kama alifaulu kueleza ile habari ya mbwa.

"Nilisimama nieleze," akasema. "Kumbe chifu alikuwa ameuliza nani anajua kusoma vizuri na hushinda nyumbani mchana. Mimi swali sikulisikia. Nilisimama kwa ajili ya mbwa."

"Halafu?"

"Watu wakapiga makofi."

Alikunywa chai, akaosha kikombe, akaenda kulala kidogo, kama alivyofanya kila siku tangu tumzike Mama. Hivyo ndivyo tulivyopata uongozi.

Tunaishi Woodley, kando ya Barabara ya Ngong, katika mojawapo ya zile nyumba za zamani za baraza la jiji, zenye vigae juu na ua wa kayaba mbele. Baba alikuwa fundi wa mashine za taipu. Alikuwa na chumba chake cha kazi katikati ya mji, kwenye ghorofa ambalo lifti yake haikuwahi kufanya kazi, na alitengeneza mashine za maofisi mpaka maofisi yakaacha kuwa na mashine. Hakulalamika. Alifunga mlango, akabeba mashine moja, akarudi nyumbani. Nyumbani kwetu msemaji alikuwa Mama. Yeye ndiye aliyejua nani amejifungua, nani amehama, na kwa nini maji yamekatika. Baba alijua tu kwamba maji yamekatika. Mama alipofariki, mtaa mzima ulikuja kumzika pamoja nasi, kisha ukaacha kuja, kwa sababu hakuna aliyekuwa na la kuongea na Baba. Mimi nikahamia kwake, niwe nikienda kazini mjini kutoka hapo. Jioni tulikuwa tunasikiliza habari za redio. Redio ndiyo iliyozungumza.

Sasa mtu huyo ndiye aliyepewa kazi ya kupokea habari za serikali na kuzifikisha nyumba hadi nyumba.

Habari zilimjia kwa simu, kutoka kwa chifu na kutoka ofisi ya wadi. Mtu mwingine angezituma kama zilivyo kwenye kikundi cha mtaa, akaendelea na mambo yake. Baba hakuwa na imani na kikundi. Alisema mle ndani mtu akiuliza habari ya maji anajibiwa kwa picha ya maua na mstari wa Biblia. Akatoa mashine yake chini ya kitanda, akaifuta vumbi, akaitia mafuta, akaanza kupiga matangazo. Aliyabandika kwenye milango ya geti, asubuhi, akiwa amevaa koti.

La kwanza lilisema: MAJI YATAKATIKA ALHAMISI. YATARUDI IJUMAA KAMA YATARUDI.

"Baba," nikamwambia, "ujumbe umesema yatarudi Ijumaa asubuhi."

"Nimeusoma."

"Sasa?"

"Aliyeuandika haishi hapa."

Yalirudi Jumapili. Kuanzia hapo watu waliyasoma matangazo ya Baba kwa makini. Kulikuwa na lile la matawi yanayogusa nyaya za stima: WATU WA KUKATA MITI WATAPITA JUMANNE. MWENYE MTI ANAOUPENDA AWE NYUMBANI. Kulikuwa na la taka: MSITOE MIFUKO NJE KABLA GARI HALIJAONEKANA KWA MACHO. Jirani mmoja alianza kuyapiga picha na kuyaweka kwenye kikundi, kati ya maua. Nilimwonyesha Baba. Aliangalia simu kwa muda mrefu, akasema kwamba herufi ya A imeanza kupinda.

Nyumba moja tu ndiyo iliyokuwa haipati matangazo. Ilikuwa ya Sista. Alikuwa muuguzi mkuu kabla ya kustaafu, mjane kutoka upande wa Kitui, na mtaa mzima ulimwita hivyo, Sista, hata walevi. Mbwa wake, wa rangi ya chai ya maziwa, ndiye aliyempeleka Baba barazani. Mbwa huyo hakumbwekea mtu wa mboga, wala wasoma mita, wala mimi. Alimbwekea Baba peke yake, kuanzia anapotokea kwenye kona hadi anapofunga mlango wa nyumba yetu. Baba alikuwa akimwekea Sista tangazo lake chini ya jiwe, nje ya geti, na kuondoka haraka bila kukimbia.

Siku moja Sista alikuja mwenyewe, mbwa akiwa nyuma yake.

"Mzee, juzi nilikuwa nimejipaka sabuni mwili mzima, maji yakapotea," akasema. "Mtaa wote ulijua isipokuwa mimi."

"Nilikuletea tangazo."

"Liko wapi?"

Baba alimtazama mbwa. Mbwa akanguruma.

"Muulize huyo," Baba akasema.

"Kwa hivyo mimi habari za serikali napata kupitia kwa mbwa?"

"Kwako, ndiyo. Si ndiye anapokea wageni?"

Sista hakucheka. Alimtazama Baba juu mpaka chini, kama mtu aliyeletwa wodini bila maelezo, akaenda zake.

Haikupita muda, ukaja ujumbe wa chanjo. Madaktari wa mifugo walikuwa wanapita mitaa ya upande wetu wakichanja mbwa dhidi ya kichaa. Baba alilishughulikia tangazo hilo kuliko yote. Alilipiga, akalichana, akalipiga tena. Mwishowe lilisema: CHANJO YA KICHAA CHA MBWA. JUMAMOSI ASUBUHI UWANJANI. NI BURE. KILA MBWA AJE NA MTU WAKE. La Sista alilirusha juu ya ua likiwa limefungwa kwenye kokoto.

Jumamosi nilimsindikiza. Sikutarajia watu. Lakini walikuja, na walikuja na mbwa ambao sikujua kwamba mtaa wetu unao. Mwalimu mmoja mstaafu alikuja na mbwa mkubwa, mzee, aliyefika na kulala papo hapo. Mama wa kibanda cha mboga alileta watoto wa mbwa ndani ya beseni. Kuna daktari wa meno aliyekuja na kijibwa kilichovaa sweta. Mwendesha boda boda alileta mbwa ambaye, kwa maelezo yake, si wake, ila hulala tu karibu na steji yao na wanaona aibu kumwacha bila chanjo. Msichana wa kazi kutoka nyumba ya pembeni alileta paka ndani ya kikapu, kwa kuwa tangazo halikusema paka wasije. Akaniomba nimshikie kidogo aende dukani. Sikumwona tena mpaka jioni.

Sista alifika mwisho, akiegemea mkongojo, mbwa wake amefungwa kamba ya pazia. Mbwa alimwona Baba, akaanza kazi.

Tulingoja. Jua likapanda. Watu wa chanjo hawakuonekana. Watu walianza kumwangalia Baba, na Baba akawa anaangalia barabara.

"Ndiyo hii serikali yetu," daktari wa meno akasema, kwa sauti ya kusikika.

Baba alisogea kando akampigia chifu. Alisikiliza, akasema ndiyo, akasema ndiyo tena, akaweka simu mfukoni na kubaki amewapa watu mgongo. Nilimjua. Mama angekuwepo, huo ndio wakati ambapo yeye angegeuka na kuongea badala yake. Nilianza kufikiria maneno ya kusema mimi, lakini paka alikuwa anajaribu kutoka kikapuni.

Baba akageuka. Akapanda juu ya jiwe lililokuwa hapo, dogo, halikumwongezea urefu.

"Wako uwanja ule mwingine," akasema. "Ng'ambo ya Barabara ya Ngong, karibu na soko. Mimi niliandika uwanjani na sikuuliza ni upi. Kosa ni langu. Watafunga saa sita. Tutatembea. Mbwa wakali watangulie."

"Kwa nini watangulie?" daktari wa meno akauliza.

"Ili wengine tuwaone."

Ilionekana kuwa ni jibu la kutosha. Watu walianza kufungua kamba na kuinua beseni. Sista alibaki ameketi kwenye ukingo wa mtaro.

"Goti langu halifiki huko," akasema. Nikamwambia nitamchukulia mbwa wake. "Wewe uko na paka," akasema. Kisha akanyoosha mkono wenye kamba kwa Baba. "Mzee, usimvute. Ukimvuta analala chini, na hataamka leo."

Baba aliitazama kamba ya pazia. Mtaa wote ulikuwa ukimtazama. Akaipokea.

Tulitoka hivyo, mbwa, watu na paka mmoja, kupitia geti la mtaa. Mbwa wa Sista hakukubali kumpa Baba mgongo. Alitembea kinyumenyume, mbele yake, akimbwekea usoni bila kupumzika, na Baba akamfuata kwa mwendo wa pole, mkono umenyooka, kama mtu anayesukuma mlango. Mbwa mzee wa mwalimu alichoka kabla hatujafika barabarani, ikabidi abebwe kwenye mkokoteni wa jirani, ambapo alikaa wima akiangalia mandhari. Kwenye Barabara ya Ngong magari yalisimama. Hatukuyasimamisha, yalisimama yenyewe. Kondakta mmoja alitoa kichwa dirishani.

"Mzee, haya ni maandamano ya nini?"

"Kichaa," Baba akamjibu, akaendelea kutembea.

Tulifika wakati watu wa chanjo wanafunga masanduku. Daktari alikuwa msichana mwenye koti jeupe na gambuti. Alitutazama tukiingia, na tuliendelea kuingia kwa muda.

"Tulikuwa tunaondoka," akasema. "Tulidhani huku hakuna mbwa."

"Wako," Baba akasema.

Walifungua masanduku tena. Mbwa wa steji alichanjwa chini ya jina la steji. Kijibwa cha sweta kilimuuma mwenye nacho, hakikumuuma daktari. Paka pia alichanjwa; daktari alisema hakuna ubaya. Ikafika zamu ya Baba.

"Hii mbwa ni ya nani?"

"Ya jirani."

"Na jirani ako wapi?"

"Ana goti."

"Mzee, mimi cheti naandikia mwenye yuko hapa."

Baba alifikiri. "Basi andika mimi."

"Inauma watu?"

"Bado."

Daktari alipoinua sindano, mbwa alinyamaza. Ulikuwa ukimya wa ghafla, kama ule wa mashine ya kusaga inapokatika stima, hata watu wakageuka kuona kuna nini. Aliingiza kichwa chini ya koti la Baba, akabaki huko, akitetemeka. Baba hakumgusa. Alisimama vile vile, mikono hewani, kama mtu anayepimwa suti, mpaka daktari akasema amemaliza. Hata baada ya hapo alisimama kidogo.

Kurudi, mbwa alitembea upande wake, kimya. Hilo lilimsumbua Baba. Aliniuliza mara kadhaa kama chanjo inaweza kumdhuru mnyama.

Tulimkuta Sista pale pale mtaroni, mtu amempelekea kiti na chai. Baba alimpa kamba na cheti. Sista akavaa miwani, akasoma.

"Kumbe sasa ni wako."

"Ni vile wameandika."

"Basi akinguruma usiende tena kwa chifu. Utakuwa unajishtaki."

Baba alikubali kwamba sheria ilionekana kuwa hivyo. Na hapo Sista akacheka, kicheko cha mtu mnene, kilichoanzia mbali. Baba alimngoja amalize.

Mchana ule alikaa barazani kwetu akikwangua tope kwenye viatu. Watu waliopita walimsalimu, na si kwa kupunga mkono tu. Walisimama. Mwalimu alisimama kumweleza jinsi mbwa wake anavyolala. Mwendesha boda boda alisimama kusema kwamba mbwa wa steji sasa amepewa bakuli. Baba aliwajibu wote, maneno machache, lakini maneno. Walipokwisha pita, akasema bila kuniangalia:

"Mama yako angecheka mpaka akae chini."

Tangu tumzike, hakuwa amemtaja mbele yangu. Nilikuwa na sahani mkononi. Nilisema ndiyo, angecheka. Akaendelea kukwangua kiatu, ambacho kilikuwa kisafi tayari. Mimi nikaingia ndani, nikawasha redio, nikalia kidogo kwa kuwa redio ilikuwa na sauti ya kutosha.

Siku hizi matangazo yanatoka kama kawaida, ila yana mhariri. Sista ameamua kwamba Baba anaandika kama polisi. Anataka kila tangazo lianze na "Tafadhali", na Baba anashikilia kwamba maji hayakatiki kwa tafadhali. Juzi kulikuwa na habari ya taa za barabarani, mafundi wanakuja kuzirekebisha, na wawili hao walibishana juu ya neno moja tangu chai ya asubuhi, kwenye meza ya Sista, mashine katikati. Baba alikuwa ameibeba mwenyewe hadi huko, na ile mashine ni nzito.

Saa ya chakula ilipofika nilimpigia simu. Akasema wako kwenye sentensi ya pili. Nikamuuliza kama nimwekee githeri. Nikasikia akiuliza upande wa pili, nikasikia sauti ya Sista ikisema kitu kuhusu muthokoi, ile githeri ya kwao ya mahindi yaliyokobolewa.

"Wewe kula," Baba akaniambia.

Nikala. Githeri ilikuwa nyingi.