Kisutu Nyuma ya Kioo

Jirani yetu Mwarabu, wa huku Azaiba tunakoishi, alitualika, mimi na mama, tukaone makumbusho ya mavazi ya kale aliyoyafungua kijijini kwao Qantab. Makumbusho, eti! Vyumba viwili vinavyonuka rangi mbichi, na sanamu za duka la nguo zenye nywele za dhahabu na macho ya buluu. Moja kaivisha kisutu, ile kanga ya maharusi wa kwetu Zanzibar. Kisutu hufungwa tu. Yeye kakikata, kakishona gauni, na kiunoni kapachika mkanda wa jambia. Mkanda wa mwanamme! Na bado anasimama mbele yake kifua mbele, kama kaufuma uzi mwenyewe.

“Nguo hizi hazivaliwi tena, mama,” akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. “Mimi nimeziokoa.”

Mama alimtazama kuanzia kilemba hadi viatu. Kisha akanyanyua upindo wa abaya yake. Ndani kajifunga kisutu kilichopauka kwa kufuliwa, kina doa la mchuzi.

“Hiki nnapikia,” akamwambia. “Basi na mie niokoe.”