Filme Iliyofichwa Ndani ya Nywele

Vijana wa leo wananichosha. Mtu ananiletea filme za marehemu baba yake, zile negativu za picha za zamani, zimekunjwa ndani ya mfuko wa sukari, anazishika kwa vidole vilivyotoka kula samaki, halafu ananiambia, "Papa, piga na telefone tu, itatosha." Itatosha nini? Filme inataka maji safi. Inataka mwanga unaotoka nyuma yake, mwanga uliotulia, na inataka mtu asiye na haraka. Nikisema hivyo wanacheka, eti muzee ameanza misa yake. Wacheke. Kazi hii ya kunakili filme nilijifunza Bunia wakati wa vita, kwa sababu ya shida ya mama mmoja.

Studio yangu ilikuwa imeporwa. Walibeba kila kitu, hata lile pazia la maua ambalo watu walisimama mbele yake. Sijui walienda kulifanyia nini. Askari wa kigeni walipoingia mjini na risasi zikapungua kidogo, ofisi moja ya kutafuta watoto waliopotezana na wazazi wao ikanichukua niwe mpiga picha wake. Picha za wanaotafutwa zilibandikwa ukutani Bunia, Marabo, Komanda, popote gari lilipoweza kufika. Ofisini mlikuwa na kompyuta moja na skana ya kunakili karatasi, basi.

Yule mama alikuja asubuhi. Alikuwa wa upande wa Fataki. Bwana yake walikuwa wamemuua, na mtoto wake wa kike alimpoteza njiani, walipokimbia kutoka Bunia kwenda Komanda na msafara wao ukapigwa risasi karibu na Marabo. Nikamuuliza kama ana picha ya mtoto.

"Picha nilichoma zote," akasema.

Sikushangaa. Bwana yake alikuwa wa kabila lingine, na siku zile, kwenye bariyeri, vile vizuizi vya barabarani, picha ya harusi ingeweza kukuua. Wanafungua mfuko wako, wanaitazama, wanauliza, "Huyu iko nani yako?" Ukijibu vibaya, kwisha habari yako.

Akakaa kwenye benchi, akavua kitambaa cha kichwa, akaanza kufungua nywele. Zilikuwa zimefungwa na uzi mweusi, ule mtindo wa kuviringa uzi tangu shinani mpaka nchani. Ndani ya fungu moja la kisogoni akachomoa kipande cha filme, kimeviringwa kuwa chembamba kuliko kalamu.

"Walikamata filme mu mufuko ya jirani yangu," akanieleza. "Wakaangalia ku jua, wakatupa. Mule watu wote beko na sura nyeupe na meno nyeusi. Nani atajua kabila ya mutu mule? Njo nikaweka yangu mu nywele."

Nikaiinua dirishani. Eh Mungu! Ilikuwa kazi yangu mwenyewe. Niliwapiga studioni kwangu sikukuu ya Mwaka Mpya, baba amesimama, mkono wake begani kwa binti. Kuwarudishia wateja filme zao pamoja na picha ndiyo ilikuwa desturi yangu.

Lakini hali yake! Jasho, mafuta ya mawese, vumbi la safari nzima. Mama akashika pembe ya kitenge chake aisugue.

"Acha, mama! Weye unataka kumufuta mutoto?"

Nilipiga kelele mpaka watu wa ofisi ya pili wakachungulia. Nina hasira za karibu, nilizaliwa nazo. Mama akarudisha mkono, akasema taratibu, "Sura ionekane, papa. Na gauni. Njo alivaa siku ile tulikimbia."

Nikailoweka ndani ya maji ya mvua, na tone moja la sabuni ya vyombo, bila kuisugua. Nikaitundika na kibanio cha nguo ndani ya chumba kisicho na upepo. Ilipokauka ilikuwa bado inajikunja, nikailaza kati ya karatasi safi chini ya mafaili mazito mpaka kesho yake.

Mara ya kwanza nilifunika mfuniko wa skana kama tulivyozoea kwa karatasi. Likatoka tope. Sura ya mtoto ilikuwa jivu tupu. Mkubwa wa ofisi akasema itatosha, gari la Komanda linaondoka. Nikamwambia haitoshi, na gari liende. Karatasi inamulikwa usoni, lakini filme lazima imulikwe mgongoni, nami nilikuwa nimeifunika gizani! Nikaitoa skana nje kwenye baraza kwa waya mrefu. Mawingu yalikuwa yamefunga, mwanga umekuwa mmoja kila upande. Nikafuta kioo, nikalaza filme, nikaweka juu yake, kwa kuinua kidogo, kipande cha mfuniko mweupe wa ndoo ili mwanga upite laini. Nikaiamuru mashine isome polepole kabisa. Helikopta ikapita, meza ikatetemeka, nikaanza upya.

Kwenye kompyuta nikageuza weupe kuwa weusi, nikaondoa ile rangi ya chungwa ya filme. Mtoto akatokea. Nyusi zake, mshono wa gauni, vifungo, na kifungo kimoja kikubwa kuliko vingine.

"Yesu wangu, njo yeye," mama akasema, akagusa kioo. "Kile kifungo nilitoa ku shati ya baba yake."

Kisha akaniomba nimuondoe baba. Akionekana ukutani, mtoto angeweza kuuawa kwa ajili yake. Nikakata, ila ule mkono ukabaki begani. Picha ikaenda na gari lililofuata. Nilikuwa na furaha, sifichi. Nilijisifu kwa kila mtu.

Gari liliporudi, kijumbe wetu aliyekuwa akibandika picha alikuja kwangu kwanza. Huko Marabo mwanamke mmoja mkulima alisimama mbele ya ukuta muda mrefu. Alisema mtoto huyu alimzika yeye, kwa jembe lake, kando ya barabara, asubuhi baada ya zile risasi. Sura hangeweza kuiapia. Lakini kile kifungo kikubwa alikikumbuka: kilikuwa kimefunguka, akakifunga kwa mkono wake kabla ya kuweka udongo.

Niliichukia ile picha. Laiti ningepeleka lile tope la mara ya kwanza, mama angeendelea kungoja, na kungoja ndiko kulikomfanya ale na aamke asubuhi. Nilimtukana kijumbe, maskini, hakuwa na kosa.

Tukamwambia mama pamoja. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Huyo mama, wakati wa kumuzika, alimuita nani?"

"Hakujua jina," kijumbe akajibu. "Aliomba tu, akafunika."

Mama akasimama, akafunga kitambaa kichwani. Tukamshika, tukamwambia njia ni mbaya, angoje gari la ofisi.

"Mutoto wangu iko mu udongo bila jina," akasema. "Muniachie. Naenda kumuambia yule mama mutoto anaitwa nani."

Akashika njia ya Marabo kwa miguu.