Geti la Upande wa Mlima

Sikutoka Gakindu kwa ajili ya muziki peke yake, ingawa nitaanza na muziki. Bendi ya Mvua ya Mawe ilikuwa imetangaza kwamba inazunguka nchi mara ya mwisho, kisha kila mmoja wao arudi kwao akapumzike. Onyesho la kufunga ziara lingefanyika Nanyuki, Jumamosi mchana, kwa kuwa mpiga gitaa wao ni mzaliwa wa huko. Nimewapenda watu hao tangu nikiwa na miaka kumi na sita. Mimi na ndugu yangu mdogo, Githinji, tulikuwa tukining'iniza redio kwenye tawi la mti wa kahawa na kuchuma huku magitaa yakinguruma. Mama, Mungu amrehemu, hakuwaelewa kabisa. Aliuliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayejiita jina la kitu kinachoharibu kahawa. Sisi tuliapa kwamba siku moja tutawaona kwa macho yetu, pamoja.

Sasa, huyo Githinji nilikuwa sijasemezana naye kwa miaka sita. Wiki moja baada ya kumzika mama, nilirudi kutoka sokoni nikakuta amezikata safu nne za kahawa ya mama kwa msumeno, vimebaki visiki vya kufika magotini. Kila mkulima wa kwetu anajua kwamba kahawa ikizeeka hukatwa hivyo ili ichipuke upya. Hata mimi nilijua. Lakini hakuniuliza, na udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi. Nikamwambia mbele ya wajomba zetu kwamba yeye si mtoto wa nyumba ile. Siku hiyo hiyo alibeba begi lake akaenda Mwea kulima mpunga. Sikumfuata, na simu sikumpigia. Mimi nina kichwa kigumu, wanaonijua watakuambia.

Visiki vilichipuka. Kufikia mwaka wa tatu ndivyo vilivyokuwa vikizaa kuliko shamba zima, na kila nilipochuma pale nilijisikia vibaya.

Kisha, wiki mbili kabla ya onyesho, ujumbe ukaingia kwenye simu: "Mvua ya Mawe, Nanyuki. Last show. Nitakuwa geti ya upande wa mlima saa saba." Hakuweka jina, wala halikuhitajika. Nilijibu neno moja, "Nitakuja," naye hakuandika tena.

Ijumaa asubuhi, Gakindu. Kwetu hatuendi kuonana na mtu mikono mitupu, basi usiku uliotangulia nilikaanga kahawa kwenye sufuria, kahawa ya vile visiki vya safu nne alizozikata, nikaitwanga na kuitia kwenye mfuko wa karatasi. Ilikuwa kazi ya kuchekesha, maana sisi wakulima wa kahawa ni wanywaji wa chai tangu tuzaliwe. Nusu ya kwanza niliiunguza. Ile iliyosalimika niliiweka katikati ya kiondo. Nikavaa fulana yangu nyeusi ya Mvua ya Mawe, inayonibana kidogo siku hizi, na juu yake sweta ya kwenda kanisani. Jirani anayepeleka ndizi mjini alinipa nafasi mbele kwenye pikapu yake, tukapanda na kushuka vilima hadi Nyeri.

Nyeri, Ijumaa jioni. Nililala kwa Tata Nyawira, dada ya marehemu baba. Ni mama wa kanisa mwenye sauti ya amri. Nilipovua sweta, akasimama kuitazama fulana.

"Hiyo ni picha ya nini?"

"Ni mvua ya mawe, Tata."

"Ati unaenda mpaka Nanyuki kuona watu wanapiga kelele? Na umri wako?"

"Naenda kuona Githinji."

Akanisukumia sahani ya mukimo ambayo ingeshibisha watu wawili. "Nilikuwa pale siku ile ulimwambia hayo maneno," akasema. "Sikukukanya. Nilifikiri utamwita kesho yake. Sasa ukimpata, umlete hapa kwangu kwanza, alafu umpeleke nyumbani. Usirudi peke yako, Wangui."

Jumamosi, saa tatu asubuhi. Jirani wa Tata, mwalimu mstaafu mwenye gari kuukuu na safi mno, alikuwa akienda Nanyuki kumwona mwanawe. Tuliondoka kwa mwendo wa heshima, tukapita Kiganjo na mashamba ya ngano, baridi ikizidi. Naro Moru tulisimama kunywa chai. Nilitoka nje kuutafuta mlima, sikuuona. Wingu lilikuwa limekaa hadi kwenye mabati ya maduka. Mwalimu akasema huenda tusiuone kutwa nzima. Sikujali. Nimeishi miaka arobaini nikiutazama mlima huo, nani angenieleza uko wapi?

Saa sita na nusu, Nanyuki. Mji ulikuwa umejaa vijana wenye nguo nyeusi na viatu vizito, wakipishana na wafanyabiashara wa mifugo waliotoka mnadani na fimbo zao mkononi. Moyo ulinidunda kama msichana wa shule. Uwanja ulikuwa na mageti mawili, moja huku na jingine ng'ambo. Sikumwuliza mtu. Mama alitufundisha tukiwa wadogo, tulipokuwa tukipotea kwenye safu za kahawa: weka mlima mbele yako, jua la asubuhi liwe mkono wa kulia, utajua uliko. Nikakumbuka jua lilikuwa kulia kwetu tulipotoka Nyeri asubuhi, nikajipanga hivyo, nikaenda moja kwa moja hadi geti lililo karibu na tangi kubwa la maji.

Pale palikuwa na mama mmoja mwenye mtandio wa kijani akiuza chai na mandazi. Jina lake Mama Halima. Nilikunywa kikombe kimoja, saa saba ikapita.

"Unangoja nani, mama?" akaniuliza.

"Ndugu yangu. Amesema tukutane geti ya upande wa mlima."

Alicheka hadi birika likatikisika. "Mlima? Mlima iko huko nyuma yako, dadangu. Leo imejifunika tu. Hii ni geti ya upande wa chini. Wewe umetoka Nyeri, sindio?"

Niliona aibu iliyonipanda hadi masikioni. Nyumbani mlima uko kaskazini mwetu, na hapa tulikuwa tumeuzunguka, umebaki kusini. Mtu mzima, nimepotezwa na mlima wa kwetu! Nilibeba kiondo changu nikauzunguka uwanja mbio mbio, nikafika geti la pili jasho likinitoka kwenye baridi ile.

Githinji hakuwepo. Nilingoja. Nilimpigia simu, mteja hapatikani. Saa nane muziki ukaanza, watu wakaingia kwa vifijo, nami nikabaki nje na kiondo. Wimbo wa pili ulikuwa ule tuliokuwa tukiuimba safu hadi safu, yeye akipiga ngoma kwenye ndoo ya kuchumia. Nilisimama peke yangu nikiusikia kupitia ukuta. Nikaanza kukasirika. Nikajiambia amenilipiza, amenileta huku ili nami nijue kuachwa kulivyo, na tena nilistahili. Kisha hasira ikaisha, nikataka kulia tu. Mwalimu alikuwa ameahidi kurudi saa kumi na moja. Niliwaza nitakavyomwambia Tata.

Saa tisa hivi wingu likapasuka. Vijana wa getini wakanyanyua simu zao kupiga picha, nami nikageuka. Mlima ulikuwa pale, karibu kuliko nilivyowahi kuuona, lakini kwa sura ngeni. Vilele vilikuwa vimepangwa kinyume cha vile ninavyovijua. Nikasema kwa sauti, "Hata mimi nisingeujua, kama nisingeambiwa."

Hapo ndipo nilipopata akili. Mimi nilikuwa nimeambiwa. Yeye je? Alifundishwa mlima na mama yule yule, kwenye safu zile zile, na huko Mwea anakoishi mlima bado uko kaskazini. Kama nilikosea mimi, atakosaje kukosea yeye?

Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu nimalize shule. Kahawa ilikuwa ikigonga nyonga yangu kwenye kiondo, sweta nikaivua njiani, na watu wakanipisha.

Githinji alikuwa amekaa juu ya gunia dogo la mchele chini ya tangi la maji, amenenepa kidogo, na mvi mbili tatu kwenye ndevu. Amevaa fulana kama yangu. Aliinuka.

"Umechelewa," akasema.

"Nimekuwa hapa kabla yako! Wameniambia hii si upande wa mlima, nikaenda ile ingine."

"Hata mimi soja wa geti aliniambia. Kitambo sana." Akaitazama fulana yangu, akatabasamu. "Nikakataa kutoka. Nikasema Wangui hawezi jua hiyo. Atakuja hapa tu."

Mama Halima, ambaye alikuwa ameenda kuswali, kisha akapitia sokoni kununua unga, na ndipo tu anarudi, alitutazama akapiga makofi. "Nyinyi ni wa nyumba moja kweli," akasema.

Sikuweza kujizuia tena. "Githinji, siku ile nilikosea. Wewe ni mtoto wa nyumba yetu. Nilikosea kusema, na nimekosea miaka sita yote kunyamaza."

Aliangalia chini. "Na mimi ningekuuliza kwanza. Nilitaka kushika kitu tu, kazi yoyote. Sikuweza kukaa bure kwa nyumba bila mama." Kisha akaingiza mkono kwenye kiondo, akautoa mfuko, akaunusa. "Hii umeunguza."

"Ni ya visiki vyako," nikamwambia, na yeye ndiye aliyelia kwanza. Simu yake, alinieleza baadaye, ilikuwa imeisha chaji kwa sababu aliwasikiliza Mvua ya Mawe njia nzima tangu Kutus.

Tuliingia onyesho likiwa limebaki nusu saa. Nilitarajia kuhuzunika, maana bendi ilikuwa ikiaga, lakini mpiga gitaa alipoinua mkono kwa mara ya mwisho nilikuwa nikipiga kelele kuliko vijana wote, na Githinji akipiga ngoma kwenye gunia la mchele. Mama Halima alituwekea mandazi ya njiani, akakataa kabisa kupokea kitu isipokuwa vikombe vitatu vya mchele.

Jioni hiyo mwalimu alituchukua hadi kwa Tata, tukalala huko kabla ya kurudi nyumbani Jumapili, kama Tata alivyoamuru. Alimshika Githinji masikio yote mawili, akamwombea kwa muda mrefu, kisha akaupika mchele wote uliobaki.

Ukiniuliza nilichojifunza, nitakuambia kwamba nilimwona kama mgeni mtu niliyefanana naye hadi makosani. Ningemtafuta mapema kama ningekumbuka hilo.

Jumatatu ilikuwa siku ya kuchuma. Niliamka alfajiri nikakuta kitanda cha Githinji kitupu, nikaogopa. Nikashuka shambani. Simu ilikuwa inaning'inia kwenye tawi, magitaa yakinguruma. Niliweka mlima mbele yangu, jua likachomoza mkono wa kulia, na chini yake, kwenye safu nne za mama, ndugu yangu alikuwa ameshajaza ndoo ya kwanza.