Nilimchagua Aliyenisalimia kwa Kinyiha

Nawaandikia nikiwa na vidole tisa vya miguu. Najua hiyo si salamu, lakini ndiyo habari yenyewe na sipendi kuizungukazunguka.

Zamani nilikuwa mtu wa kutembea. Shule niliacha darasa la tano, nyumbani Isansa, siku lori la mbao lilipoharibikia karibu na kwetu na mimi nikataka kujua linakwenda wapi. Lilikuwa linakwenda Zambia. Niliporudi baada ya miezi minne mama alinipiga, akalia, kisha akanipikia. Tangu hapo nimekuwa utingo, nimevuna mpunga Msangano, na miaka mingi zaidi nimebeba mizigo mpakani Tunduma. Popote nilipofika niliuliza maswali. Kwa nini mkaa huu ni mzito kuliko ule? Kovu hilo ulilipata wapi? Wabebaji wenzangu waliniita Bwana Maswali. Likumbukeni jina hilo, maana kuna siku moja sikuuliza, na siku hiyo ndiyo ninayoishuhudia hapa.

Mguu wa kulia ulianza taratibu. Nilikuwa na buti za mtumba, ngozi nzuri, nyembamba mbele. Nilizivaa miaka tisa. Pembeni, penye shina la kidole gumba, mfupa ukaanza kutokeza, mwishowe ukawa kama mbegu ya parachichi. Kidole gumba kikalala upande, kikakiegemea cha pili. Cha pili kikakosa nafasi, kikajikunja na kupanda juu ya mwenzake. Juu yake paliota sugu, sugu ikapasuka, ikawa inatoa maji. Nikachukua kisu nikatoboa buti ili kinundu kipumue.

"Bwana Maswali, buti lako limeota jicho!" wenzangu walinicheka. "Liulize linaona nini huko chini!"

Nilicheka nao. Jioni nilikuwa naingiza mguu kwenye ndoo ya maji baridi na kuuma kitambaa.

Mwaka huo, kahawa ikiwa bado mbichi mitini, nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa amepungua. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa maradhi ya moyo, lakini aliutazama wangu.

"Viatu hivyo vinakula mguu wako," alisema. Akachana boksi, akalitandika sakafuni, akaniambia nisimame juu yake. Akachukua kipande cha mkaa na kuanza kuuzungusha pembeni mwa mguu, kidole kwa kidole.

"Unafanya nini, mama?"

"Simama. Siku moja tu usiulize."

Kisha akasema, bila kuinua uso, "Mwaka huu njoo tuvune kahawa pamoja. Ya mwakani sijui kama nitaifikia."

Nilimwahidi. Maishani nilimwahidi mama mambo mengi kwa mdomo tu, ila hilo nililimaanisha. Nikaona siwezi kusimama kutwa kwenye miteremko ile na mguu wa namna hii. Nikaamua kutafuta daktari wa kuupasua.

Nilianzia hospitali moja kubwa Mbeya. Nikapelekwa kwa daktari bingwa wa mifupa, mwanamke mwembamba, sauti ndogo, mwenye lafudhi ya watu wa ziwani. Alinitembeza peku kwenye korido, kwenda na kurudi. Nikapigwa picha ya mifupa nikiwa nimesimama. Akagusa juu ya mguu kutafuta mapigo ya damu, akaagiza nipimwe sukari, akauliza nafanya kazi gani. Halafu akauliza, "Viatu ulivyokuja navyo viko wapi?"

Akaingiza mkono ndani ya buti langu, akapapasa mpaka mwisho.

"Mguu huu unaweza kupasuliwa, kaka," alisema. "Tutakata mfupa, tuunyooshe, tuufunge kwa skrubu. Hiki cha pili tutakinyoosha kwa pini. Lakini wiki sita hutakanyagia mbele ya mguu, na uvimbe utakaa miezi. Na siwezi kukuahidi mguu wa utotoni."

"Dokta, kahawa inaiva mwezi wa sita. Mama ananisubiri."

"Basi nenda kavune. Tafuta viatu vipana, funika hicho kidonda, kisha urudi baada ya mavuno. Kinundu hakikimbii."

Niliondoka nimenuna. Njia nzima nilijisemea: nimemwendea daktari, amekagua viatu kama fundi viatu, kisha ameniambia nisubiri. Sikuona kwamba alikuwa amenipa ruhusa ya kwenda kwa mama siku ileile.

Tunduma nikaelekezwa kwenye zahanati moja ya mtu binafsi. Sitaitaja, na siku hizi haipo. Mtu mwenye koti jeupe alisoma jina langu la ukoo kwenye daftari, akainua kichwa, akanisalimia kwa Kinyiha. Akauliza nimezaliwa wapi. Akamtaja babu yangu kwa jina, akataja na mto tunaochotea maji.

Anayeishi Tunduma atanielewa. Kutwa unasikia Kibemba, Kinamwanga, Kiingereza cha madereva, Kiswahili cha kila mkoa. Ukiisikia lugha ya mama yako kinywani mwa mtu mwenye koti jeupe, unajiona umefika nyumbani. Na kwetu, mtu akishakutajia babu yako, kumhoji ni kama kumwita mwongo mbele ya wazee.

"Mdogo wangu, hiki tu?" alisema, ameushika mguu wangu. "Nakichonga hapahapa. Nakata na mshipa unaokikunja hiki cha pili. Wiki mbili unapanda mlima."

Mimi, Bwana Maswali, nikasema, "Sawa, kaka."

Sikumuuliza amesomea wapi. Sikumuuliza amepasua miguu mingapi, wala kwa nini hataki picha, wala tukiharibikiwa twende wapi. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa tabibu wa kawaida aliyewahi kuwasaidia madaktari chumba cha upasuaji. Aliwaona wakifanya, akadhani anaweza.

Alinichoma ganzi. Sikusikia maumivu, nilisikia mlio, kama mtu anayeparua sufuria. Nilitoka nikichechemea na kufurahi.

Siku ya nne mguu ukawa wa moto. Siku ya sita bandeji ikatoa rangi ya kijani na harufu. Nilimwendea, akasema, "Huo ni usaha wa kupona, mdogo wangu. Usiogope." Akabadilisha bandeji, akanipa vidonge.

Dada yangu Neema alipiga simu kutoka nyumbani. "Mama ameanza kuchuma. Anakaa kwenye kigoda, anachuma matawi ya chini tu. Anauliza unakuja lini."

"Mwambie wiki ijayo."

Wiki iliyofuata alipiga tena, nikasema hivyohivyo. Mara ya tatu Neema akasema, "Nimeacha kumwambia, kaka. Kila nikimwambia anaosha vyombo vyako."

Kidole cha pili kilianza zambarau kwenye ncha, kikawa cheusi. Homa ikanilaza. Aliyenikuta ni Mama Sikana, jirani yangu anayeuza wali karibu na stendi. Alifungua mlango, akaziba pua kwa khanga.

"Baba wewe! Humu ndani anaoza mtu!"

"Dokta amesema ni usaha wa kupona."

"Huyo dokta wako aje aulambe! Inuka, nishike bega."

Alifunga biashara yake, akanipeleka Mbeya mwenyewe. Kwa hilo sitaacha kumshukuru mpaka nife.

Daktari yule mwembamba alinikumbuka kwa buti. Nilisubiri anisimange, hakunisimanga. Alifungua bandeji, akavuta pumzi, akasema, "Pole sana, kaka. Kidole hiki kimekufa, na usaha umefika kwenye mfupa. Tukikiacha kitauchukua mguu."

"Na kinundu?"

"Kinundu tukisahau kwa sasa. Tuokoe unachotembelea."

Safari hii niliuliza. Niliuliza atakata wapi, atashona vipi, ameshafanya mara ngapi, ikishindikana ni nini kitafuata. Niliuliza mpaka nesi akacheka. Daktari alijibu yote, na mengine akanichorea nyuma ya karatasi. Pale alipokuwa hajui alisema, "Hilo sijui, tutaliona tukifungua." Nilimwamini zaidi kwa neno hilo kuliko kwa mengine yote.

Nilikatwa. Mfupa ukasafishwa mara mbili. Siku ya tisa wodini simu iliita.

"Kaka, umekaa?" Neema aliuliza.

"Nimelala."

"Basi baki umelala."

Nikajua kabla hajasema. Mama alifia kwenye kigoda, shambani, kikapu kikiwa robo. Walimzika bila mimi. Kwetu udongo wa kwanza huutupa mtoto wa kwanza wa kiume. Aliutupa Neema, na watu waliuliza niko wapi.

Nilianza kukanyaga vizuri baada ya miezi mitano. Leo natembea, nachechemea kidogo baridi ikizidi. Kinundu bado kipo, yule wa Tunduma alikichonga juujuu tu. Daktari amesema siku nikiwa tayari atakinyoosha, nami sina haraka tena. Namshukuru Mungu kwa mguu, namshukuru yule daktari wa ziwani ambaye hakujua hata neno moja la lugha yangu.

Wewe unayesoma na mguu wako unauma, nakuomba jambo moja. Atakayekupasua, muulize. Muulize kwa heshima, lakini muulize, hata kama ni mtoto wa shangazi yako. Mpasuaji mzuri hakasiriki. Akikutajia babu yako, mshukuru, halafu uulize tena. Na akitaka kuona viatu vyako, mpe.

Nilipofika nyumbani hatimaye, Neema alinitolea kifurushi. Zilikuwa katambuga mpya, za tairi, pana mbele, fundi amezikata kufuata boksi la mama. Mama alilipeleka boksi kwa fundi siku ileile nilipoondoka, katambuga zikashonwa, zikakaa chini ya kitanda chake zikinisubiri nije kuvuna. Kama ningekwenda nyumbani siku ile nilipotoka Mbeya nimenuna, viatu vipana vilikuwa tayari.

Nilizivaa. Hazibani popote. Nilitembea nazo mpaka kaburini, nikachota udongo, nikauweka.

Boksi lenyewe ninalo. Mchoro wa mkaa umefifia, lakini ukiusogeza kwenye mwanga utaona: kinundu kipo, kidole gumba kimelala, na vidole vyote vitano vipo.