Nilimsingizia Mzee wa Funza

Nimekosa, na sikukosa kwa bahati mbaya. Nilikosa kwa dharau. Naandika bila jina kwa sababu hapa Same wananijua, na sina uso wa kuwatazama.

Nilikuwa fundi wa maabara. Nilirudi nyumbani na stashahada, koti jeupe na kiburi kisichopita mlangoni. Kisha daktari wetu, mama mmoja mpole, akanipa kazi ya funza.

Si funza wa miguuni. Hawa ni viwavi wa nondo, wanakula nta kwenye mizinga ya nyuki. Wanene, weupe, wanajikunjakunja. Unamchoma kila mmoja sindano yenye bakteria kutoka kidonda cha mgonjwa, wengine unawaongezea dawa inayopimwa, halafu unawaweka kwenye kabati lenye joto la mwili wa mtu. Kila siku unawagusa. Aliyekufa anakuwa mweusi, hajongei.

"Kinga yao kwa sehemu inafanana na yetu," daktari alitueleza. "Dawa ikishindwa hapa, hatuna haja ya kumtesa panya."

Nilicheka moyoni. Mimi nilisomea kulisha wadudu?

Aliyetuletea ni Mzee Elieza, mfuga nyuki wa Myamba, huko milimani. Alishuka kila wiki na kopo lake, amewachagua mmoja mmoja. Shikamoo yangu nilimpa huku naangalia simu. Akisema, "Marahaba mwanangu, hawa jua linawaua upesi," namjibu, "Mzee, mimi nimesomea." Nilimwona mshamba anayenuka moshi.

Ijumaa moja niliwachoma wote, nikaacha sahani zao dirishani, eti nitazirudisha kabatini baadaye. Sikurudisha. Jumamosi na Jumapili zilikuwa zamu yangu, nikaenda harusini Maore. Jua la Same unalijua. Jumatatu nikakuta wote weusi, hata wale wachache wa kulinganishia, waliochomwa maji ya chumvi matupu bila bakteria.

Nikawatupa. Nikajaza daftari kutoka kichwani: waliopata dawa wazima, wasiopata wamekufa. Nilijaza huku nakunywa chai.

Matokeo yakampendeza kila mtu. Kwa miezi mitano wenzangu waliifuata dawa ile. Kisha Nakijwa, dada niliyefanya naye kazi, akarudia jaribio. Funza wakafa, hata waliopata dawa. Akarudia tena, wakafa.

Daktari akatuita. Mzee Elieza alikuwepo, kopo mkononi.

"Nini kimebadilika?" daktari akauliza.

"Labda funza," nikasema. "Siku hizi Mzee anatuletea wagonjwa."

Mzee akanitazama, kisha akamgeukia daktari. "Funza mgonjwa namjua kabla hajatoka kwenye nta. Sijawahi kukuletea."

Daktari akamwambia asilete kwanza. Mzee akaweka kopo mezani, akatoka. Na mimi, kiumbe duni kuliko funza yeyote niliyemchoma, nilishusha pumzi.

Wala sikuungama mwenyewe, usinipe sifa hiyo. Nakijwa alikagua daftari la mlinzi getini, akakuta jina langu halipo wikiendi ile, na habari za harusi ya Maore alizijua. Akaniuliza mbele ya daktari, "Kaka, uliwahesabuje funza ukiwa Maore?"

Kazi yangu ikaishia hapo.

Nilipanda Myamba kumwomba Mzee radhi. Mkewe alinipa ndizi, nikamweleza Mzee yote. Nilitegemea anisamehe, nishuke na moyo mwepesi. Mzee akauliza, "Na wale wafugaji wa tambarare waliotoa usaha wa vidonda vyao wakiambiwa dawa inatafutwa, umewaendea?"

"Bado, Mzee."

"Umeanza kwangu kwa sababu ndiko rahisi."

Nilishuka hadi Makanya, kwa mama mmoja wa Kimaasai ambaye mimi mwenyewe nilimchukua usaha. Kidonda kilikuwa bado kibichi. Aliponiona alitabasamu, akanivutia kigoda nikae, akaninyooshea mguu. Alidhani nimeleta dawa.

Nilimweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunika mguu kwa shuka lake, akaingia ndani.

Kwa hiyo wewe unayejaza daftari kutoka kichwani, ukijiambia ni wadudu tu, acha leo. Usiniambie umesoma, mimi pia nilisoma. Ukikataa, utakuja kukaa kwenye kigoda cha mtu kama yule mama na kumweleza kwa mdomo wako mwenyewe. Stashahada yako haitakusaidia hata neno moja.